Shajara ya mradi: kulea mbu wa Ahero ndani ya chumba kimoja Kisumu

Kazi na mipaka yake

Mradi huu unatafuta kitu kimoja: ukoo wa Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu waenezao malaria, unaojizalia wenyewe kizazi baada ya kizazi, ukianzia kwa mbu waliokamatwa Ahero, ili wanafunzi wa Kisumu wapate mayai, viluwiluwi na mbu wazima wa kupasua na kuchora mwezi wowote wa mwaka. Shajara inaandikwa kwa ajili ya mwalimu au fundi wa maabara atakayetaka kufanya vivyo hivyo. Vipimo vyote vimo, na makosa pia yamo, maana ndiyo yaliyokula wiki nyingi zaidi.

Ukoo wa maabara upo, tena una jina la mji huu. Ukoo uitwao "Kisumu" wa Anopheles gambiae hufugwa katika maabara za nchi nyingi, na hutumiwa kama kielelezo cha mbu asiye na usugu kwa dawa. Lakini mbu hao wamelelewa vizimbani kwa vizazi vingi mno, na waliobaki ni wale tu waliokubali kupandana mahali pa finyu. Anayetaka kuelewa kwa nini madume hukusanyika jioni juu ya kiraka cha ardhi anahitaji mbu ambaye tabia hiyo bado anayo, na mbu huyo hutoka shambani.

Arabiensis alichaguliwa kwa sababu mbili. Mashamba ya mpunga ya Ahero, yanayopata maji kutoka mto Nyando, humzalisha kwa wingi. Pili, hunywa damu ya ng'ombe bila shida, kwa hivyo hakuna mtu wa kulazimika kutoa mkono wake. Gambiae hupendelea binadamu. Anopheles funestus, mbu mwingine wa malaria, tulimwacha kabisa: ni mgumu mno kumfuga, na koo zake zilizofanikiwa duniani ni chache.

Kuhusu usalama, mbu jike aliyekamatwa nyumbani mwa watu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye tezi za mate. Vimelea hivyo haviingii kwenye mayai. Ndiyo maana mama wote wa porini hukaa kwenye vikombe vilivyofunikwa neti mara mbili, hutaga, kisha huuawa kwenye friza. Watoto wao pekee ndio huingia chumba kikubwa.

Wiki ya 1: chumba

Kuta zimepakwa rangi nyeupe ili mbu aliyetoroka aonekane upesi. Milango ni miwili, na kati yake pana nafasi ya mtu mmoja kusimama; wa pili haufunguliwi kabla wa kwanza haujafungwa. Vizimba ni fremu za chuma chembamba zilizovikwa neti, kila kimoja na mkono wa kitambaa upande wa mbele wa kupitishia mkono.

Neti yenyewe ndiyo mtego wa kwanza. Neti za kulalia zinazogawiwa zina dawa, na kipande chake kidogo kikishonwa kwenye kizimba kitaua ukoo mzima, na sababu itatafutwa kwenye maji, kwenye sukari, kila mahali isipokuwa hapo. Nunua kitambaa cha neti cha kawaida dukani, kifue kwa sabuni isiyo na manukato, kisha kijaribu: fungia mbu kumi ndani kwa siku moja kabla ya kushona chochote. Vilevile tuliepuka chumba chochote kilichowahi kupuliziwa dawa ukutani.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 27, likishuka hadi 25 au kupanda hadi 29 hakuna neno. Unyevu wa hewa ni asilimia 70 hadi 80. Mchana wa Kisumu hautoi shida ya joto, ila usiku hupoa, na hita ndogo yenye kidhibiti huwashwa kuanzia saa nne. Unyevu hupatikana kwa taulo mbili zilizoning'inizwa, ncha zake zikiwa ndani ya beseni la maji, na feni ndogo ikizipuliza polepole. Stima ikipotea kwa saa chache viluwiluwi hupunguza tu mwendo wa kukua. Mbu wazima ndio huumia, si kwa baridi bali kwa ukavu, kwa hivyo taulo lenye maji hulazwa moja kwa moja juu ya kizimba hadi stima irudi.

Miguu ya meza zote imesimamishwa ndani ya mikebe ya maji yenye sabuni. Hili lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Sisimizi wakigundua pamba ya sukari watafika wakati wa usiku, na asubuhi utakuta miguu na mabawa tu. Mikebe huangaliwa kila siku, kwa sababu maji yakikauka au jani likiegemea ukingo, daraja limejengwa. Mjusi mmoja ndani ya chumba naye ni hasara ya kila usiku.

Wiki ya 2: kukamata mama

Mama hukamatwa ndani ya nyumba na kando ya mazizi kati ya saa moja na saa nne asubuhi, wakati wamepumzika ukutani wakiyeyusha damu ya usiku. Kifaa ni mrija wa kioo uliounganishwa na mpira, na katikati kipande cha neti ili mbu asiishie kinywani. Tochi humulikwa kwa pembeni, si usoni mwa mbu.

Anopheles hutambulika kwa kukaa kwake: kichwa, kifua na tumbo viko kwenye mstari mmoja ulioinama, kama msumari uliopigwa upande. Culex, mbu wa jamii nyingine, hukaa sambamba na ukuta. Ukimtazama kwa lenzi, jike wa Anopheles ana palpi, yaani vile vipapasio viwili vya kando ya mdomo, vyenye urefu sawa na mdomo wenyewe. Za Culex jike ni fupi sana. Mabawa ya Anopheles wetu yana madoa meusi na meupe. Kundi la gambiae, ambalo arabiensis ni mmoja wao, lina vidoadoa miguuni, ilhali funestus ni mdogo na miguu yake ni myeusi. Ahero kuna Anopheles coustani pia, ambaye palpi zake zina manyoya mengi na miguu yake ya nyuma humalizikia kwa weupe. Huyo hurudishwa.

Gambiae na arabiensis hawatenganishwi kwa macho, awe mtazamaji hodari namna gani. Dawa yake ni kumpa kila mama kikombe chake na nambari yake, kisha akishataga, mguu wake mmoja hupelekwa kupimwa vinasaba. Familia ambazo mama yake si arabiensis hutolewa. Mayai ya mama wengi yakichanganywa mapema, hakuna njia ya kurudi nyuma.

Nambari hizo zina faida ya pili. Mwaka 2020 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walieleza kuhusu kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, walichokikuta ndani ya arabiensis wa kando ya Ziwa Victoria hapa Kenya, na ambacho humzuia mbu asibebe vimelea vya malaria. Hupita kutoka kwa mama hadi mayai, na baadaye ikaonekana hupita pia wakati wa kupandana. Ukoo wowote wa eneo hili unaweza kuwa nacho, na mwenye daftari la familia ndiye pekee atakayeweza kufuatilia.

Safarini vikombe hufungwa kwa taulo lenye maji na kuwekwa ndani ya kisanduku cha ubaridi. Barafu isiguse vikombe.

Wiki ya 3: mayai

Mama aliyeshiba huhitaji siku mbili hadi tatu. Tumbo jekundu hugeuka jeusi, kisha jeupe kuanzia nyuma kadiri mayai yanavyojaa na damu inavyokwisha. Ndani ya kikombe cha kutagia kuna pamba iliyoloa na juu yake karatasi ya chujio. Si maji yenye kina, kwa sababu mama aliyechoka huzama.

Yai la Anopheles hutagwa moja moja, lina umbo la mtumbwi na maboya mawili ubavuni. Likitoka ni jeupe, na kwa saa chache hugeuka jeusi. Yakibaki meupe hadi kesho yake, yahesabu yamekufa. Siku ya pili karatasi husuuzwa kwenye trei ya maji, na kando ya trei huzungushiwa ukanda wa karatasi iliyoloa. Bila ukanda huo mayai hukimbilia ukingoni, hunata kwenye plastiki, na maji yakipungua hata milimita mbili hukauka hapo. Tulipoteza familia nne kwa njia hiyo kabla ya kukata ukanda wa kwanza.

Maji ni ya mfereji yaliyokaa wazi siku mbili ili klorini itoke. Maji ya mvua ni bora, yasipitie bati lililopakwa rangi mpya.

Wiki ya 4: viluwiluwi

Kiluwiluwi wa Anopheles hana mrija wa kupumulia. Hulala sambamba chini ya uso wa maji, akipumulia matundu mawili yaliyo karibu na mwisho wa tumbo, na ili ale kile kilichoelea juu huzungusha kichwa nusu duara huku mwili umetulia. Hilo huonekana kwa lenzi ya kawaida na wanafunzi hawachoki kulitazama. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba chakula lazima kielee, na utando wowote wa mafuta juu ya maji ni kama mkono ulioziba pua.

Trei yenye sentimita 35 kwa 25 hutiwa lita moja na nusu, kina kisizidi sentimita mbili. Chakula ni cha samaki wa mapambo kilichosagwa hadi kuwa unga laini, robo ya miligramu kwa kila kiluwiluwi kwa siku, na nusu ya hapo wakiwa wadogo wa siku mbili za kwanza. Kwa viluwiluwi 200 hiyo ni miligramu 50, yaani kiasi kidogo mno kinachobebwa kwenye ncha ya kisu. Jaribio la unga wa omena halikwenda vizuri: mafuta ya samaki yalitanda usiku, na asubuhi trei ilikuwa na ngozi juu na maiti chini. Ngozi hiyo ikianza huondolewa kwa kulaza karatasi ya choo juu ya maji na kuivuta polepole, kisha chakula husimamishwa siku nzima.

Hapa ndipo kosa kubwa la mradi lilipofanywa, ingawa halikuonekana hadi wiki ya sita. Trei zilikuwa chache, tukaweka viluwiluwi karibu 500 kwa kila moja. Hawakufa. Walikua, wakajivua ngozi mara tatu, wakawa pupa, na kila kitu kikaonekana sawa. Ila walikuwa wadogo.

Pupa haili. Umbo lake ni kama mkato wa maandishi, hupumua kwa tarumbeta mbili zilizo mgongoni, na ndani ya siku moja na nusu hupasuka akatoka mbu. Huchotwa kwa mrija wa kunyonyea wenye mdomo mpana na kuwekwa kwenye bakuli ndani ya kizimba. Madume hutangulia kidogo kutoka.

Wiki ya 5: kula na kunywa

Mbu wote, dume na jike, hula sukari, na huko porini huipata kwenye maua na utomvu. Mbarika unaoota kando ya nyumba nyingi za Kanda hii ni mmoja wa mimea ambayo gambiae huipenda. Kizimbani hupewa maji yenye asilimia 10 ya sukari, gramu 10 ndani ya mililita 100, kwenye pamba inayobadilishwa kila siku ya pili. Pamba ikikaa siku nne huchacha, na mbu hufa na tumbo lililovimba.

Damu ni ya jike pekee, na si chakula chake cha nguvu bali cha mayai. Mdomo unaoonekana kama sindano moja ni ala iliyobeba sindano sita ndani yake. Ala yenyewe haiingii kwenye ngozi. Hujikunja nyuma kama kiwiko. Jozi mbili ni za kukata, na ile yenye meno kama msumeno ndiyo inayoshika nyama na kuivuta sindano ndani. Ya tano ni mfereji wa kupandishia damu. Ya sita ina bomba jembamba linaloteremsha mate. Hizi ni njia mbili tofauti: mate hushuka kwa moja, damu hupanda kwa nyingine. Mate huzuia damu isigande na chembe zake zisishikane, na ndani ya mate hayo ndimo vimelea vya malaria husafiria. Kichwani kuna pampu mbili zinazovuta. Sukari huenda kwenye kifuko cha akiba, damu huenda moja kwa moja kwenye utumbo wa kati.

Dume hana sindano za kutoboa. Hata akitua mkononi hawezi kuuma.

Utaratibu wetu wa kulisha ni huu. Damu huchukuliwa kichinjioni asubuhi ikiwa ya moto, chupa ikiwa na sodiamu sitreti ya asilimia 3.8, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, na kutikiswa polepole. Huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 4, kwa wiki moja. Ng'ombe aliyepuliziwa au kuogeshwa dawa ya kupe siku za karibuni asitumiwe, na hilo huulizwa kwa mwenye ng'ombe kabla, si baada. Majike ya siku tatu hadi tano huondolewa sukari kwa muda wa saa nane kabla ya kulishwa, wakibakiwa na maji. Damu hutiwa kwenye kikombe cha kioo chenye kuta mbili, maji ya nyuzi 37 yakizunguka kati ya kuta, na mdomo wake hufunikwa kwa Parafilm, utando wa maabara unaovutika, iliyovutwa hadi iwe nyembamba sana. Kikombe hulazwa juu ya kizimba baada ya giza kuingia.

Wasipokuja, sababu huwa mojawapo ya hizi, kwa mpangilio wa mara kwa mara: damu imepoa chini ya 35, utando ni mnene, hawana njaa, au chumba kina mwanga. Kuipulizia pumzi kizimba mara mbili au tatu huwaamsha, maana palpi zao hunusa hewa tunayoitoa, na joto ndilo humwongoza mbu hatua ya mwisho. Soksi iliyovaliwa siku moja, ikiwekwa kando ya utando, huongeza waliotua.

Matone mekundu yataonekana chini ya kizimba. Hakuna kilichovuja. Anopheles anaponywa hutoa maji ya damu kwa nyuma huku akibakiza chembe nyekundu, ili tumbo lenye nafasi ndogo libebe protini nyingi. Usimwondoe akiwa katikati ya kazi hiyo.

Robo tatu ya majike walishiba. Tuliona ukoo umeshasimama.

Wiki ya 6: mayai yasiyoangua

Walitaga wachache, na mayai yao hayakuangua. Joto la maji lilipimwa, maji yalibadilishwa, karatasi ilibadilishwa. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye maji. Yai lisiloangua kwa mama aliyeshiba na kuishi vizuri linauliza swali moja kwanza: je, mama alipandwa?

Jibu limo ndani ya kifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume. Anopheles anacho kimoja, Aedes na Culex, mbu wa jamii nyingine, wana vitatu. Jike huwekwa kwenye friza dakika tano, hulazwa chali kwenye tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha sindano moja humshika kifuani na nyingine huvuta polepole pingili mbili za mwisho za tumbo. Kifuko hutoka na utumbo: kidonge cha mviringo, cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko chembe ya mchanga laini. Hufunikwa kwa kioo, hugandamizwa kidogo na kutazamwa kwa ukuzaji wa mara 400. Kikiwa na mbegu, utaona nyuzi nyembamba zikizunguka kama maji yaliyokorogwa. Kikiwa tupu, ni angavu. Kivute polepole, ukivuta kwa haraka hupasuka, na kifuko kilichopasuka hakisemi kitu.

Karibu vyote vilikuwa tupu.

Ni vyema kueleza hapa jinsi kazi hii inavyofanyika porini, maana marekebisho yote ya wiki ya saba yanatokana nayo. Dume akitoka kwenye pupa, viungo vyake vya uzazi vimeelekea upande usiofaa. Kwa muda wa siku moja hivi pingili za mwisho hugeuka nusu duara, na kabla ya hapo hawezi kupanda. Antena zake, zile pembe mbili za kichwani, ni kama manyoya ya kuku, na kwenye shina la kila antena kuna ogani ya Johnston, sikio lake lenye maelfu ya neva. Kwa Anopheles manyoya hayo hulala mchana na husimama jioni. Mabawa ya jike hupiga kati ya mara 400 na 500 kwa sekunde, ya dume zaidi ya 600, na dume huufuata mlio ule mzito wa jike.

Magharibi likiingia, Kisumu huwa ni muda mfupi kabla au baada ya saa moja jioni, madume hutoka maficho na kufanya bumba juu ya alama: mahali ambapo giza na weupe vinakutana, kama kiraka cha mboji juu ya udongo mkavu, njia panda, au ukingo wa zizi. Hucheza hapo hapo, kila mmoja akipanda na kushuka, kwa nusu saa hivi. Jike huingia peke yake. Hudakwa hewani, wawili hao hugeuka mkia kwa mkia na kutoka nje ya bumba, na yote huisha kwa chini ya nusu dakika. Dume huacha mbegu na kizibo cha ute mzito kinachoyeyuka ndani ya jike kwa siku moja au mbili. Pamoja nacho hupita homoni inayomfanya jike akatae madume wengine na kumchochea kutaga. Kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu, na mbegu hizo humtosha hadi kufa.

Sasa tazama tulichokuwa tumewapa. Kizimba cha sentimita 30. Taa moja iliyozimika ghafla saa kumi na mbili na nusu: mchana mkali, kisha giza totoro. Hakukuwa na magharibi hata kidogo. Sakafu ya kizimba ilikuwa nyeupe yote, bila alama. Na madume wadogo, waliobanwa wakiwa viluwiluwi, wasio na akiba ya kuruka nusu saa mfululizo. Majike wadogo nao wana shida yao: damu ya kwanza huishia kujenga mwili, na huhitaji mlo wa pili kabla ya mayai kukomaa. Hilo ndilo lililofanya hata waliotaga wawe wachache.

Wiki ya 7: marekebisho

Kundi jipya la mama lilikuwa limeshakamatwa Ahero wiki ya tano, na watoto wao walilelewa 200 kwa trei, hakuna zaidi. Bawa lilipimwa kutoka kwenye kibonde cha shina hadi ncha, bila nywele za ukingo, na tofauti na kundi la kwanza ilionekana hata kabla ya kusoma kipimo.

Kizimba kipya kina upana wa sentimita 60 na urefu wa kwenda juu 120. Urefu huo ndio wenye faida. Sakafuni kumelazwa kitambaa cheusi cha sentimita 20 kwa 20 juu ya karatasi nyeupe.

Swichi ya kupunguza mwanga ni nzuri kwa anayeweza kuinunua. Tulitumia taa tatu. Ya kwanza huzimwa saa kumi na mbili kamili, ya pili robo saa baadaye, na ya tatu, ambayo ni ndogo na imewekwa chini pembeni nyuma ya karatasi ya kaki, hubaki dakika 30 ikifanya kazi ya upeo wa magharibi. Baada ya hapo ni giza. Taa ya tatu ikiwekwa juu, madume hupanda kwenye dari ya kizimba na kubaki huko. Lazima mwanga wa mwisho utoke chini, upande mmoja.

Madume huachwa wafike siku tatu hadi sita, na majike ya siku mbili hadi nne huongezwa alasiri. Hakuna damu kwa usiku nne za kwanza, na pamba ya sukari hubadilishwa mchana ili dume aanze jioni akiwa ameshiba.

Usiku wa pili bumba lilionekana juu ya kitambaa. Lilikuwa dogo, na mtu akisogea karibu lilitawanyika, kwa hivyo mtazamaji huketi mita mbili mbali kabla ya taa ya kwanza kuzimwa na hasogei tena.

Ipo njia nyingine, ya kumlewesha jike na kumgusisha kwa mkono na dume aliyekatwa kichwa. Hufanya kazi, na kwa ukoo unaokaribia kufa inaweza kuuokoa. Lakini ukoo unaoendeshwa hivyo kila kizazi haujajifunza kitu, na mkono wa fundi hauwezi kuwa magharibi ya kila siku.

Wiki ya 9: vifuko na mayai

Zaidi ya nusu ya vifuko vilivyopasuliwa vilikuwa na mbegu. Majike yalipewa damu mara mbili, usiku mmoja ukipita katikati. Mayai yakawa meusi ilipofika jioni, na baada ya siku mbili maji ya trei yalikuwa yakitikisika kwa viluwiluwi wadogo kama nukta.

Wiki ya 10: slaidi za kulinganisha

Kazi ya upande, lakini wanafunzi waliihitaji. Culex kutoka mitaro ya Nyalenda: mayai yao hushikana kama ngalawa ndogo inayoelea, na viluwiluwi huning'inia vichwa chini kwa mrija. Mansonia, mbu wa jamii nyingine tena, ndiye aliyeshangaza wengi. Viluwiluwi vyake havipandi juu kupumua; hutoboa mizizi ya gugumaji la ziwani kwa mrija wenye ncha kama msumeno na kuvuta hewa humo. Ukizoa maji bila mizizi hutampata. Mmea mzima hutiwa ndani ya ndoo, hutikiswa kwa nguvu, kisha maji huchujwa.

Utumbo wa kati wa arabiensis wetu ulipasuliwa pia, kuwaonyesha mahali ambapo daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria tarehe 20 Agosti 1897 huko Secunderabad, India, kwenye ukuta wa nje wa utumbo wa mbu. Wetu wamekunywa damu ya ng'ombe tu, kwa hivyo ukuta wao ni safi, na usafi huo ndio kielelezo cha kulinganishia picha.

Wiki ya 12: hali ilivyo

Kizazi cha pili kimetoka kwenye pupa, na bumba lake linaanza usiku wa kwanza madume wafikapo siku tatu. Trei zina 200 kila moja, zina nambari za familia, na familia mbili ambazo mama zao zilionekana kuwa gambiae zimeondolewa. Kinachofuata ni kupunguza urefu wa kizimba kwa sentimita 20 kila kizazi, tukipasua vifuko 20 kabla ya kila hatua. Vifuko vikianza kuwa tupu, kizimba kitarudishwa kwenye urefu wake wa awali. Mkebe wa mguu wa tatu wa meza kubwa unavuja na haujabadilishwa. Hadi ubadilishwe, maji yaongezwe asubuhi na jioni.